Masikio ya Kuuza

Mtu anayeeleza jambo ambalo hakuulizwa ana njaa, na njaa za watu ndizo zilizokuwa shamba la Kinanda. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoingia katika duka la vifaa vya umeme kukwepa jua na kumkuta mteja akimhutubia muuzaji aliyekuwa anapiga miayo, hakuona sababu ya kutoka tena.

Mteja alikuwa amejizungushia nyaya shingoni, na mifuko ya shati lake ilikuwa imetuna kwa betri. Mtaani walimwita Bwana Nyaya, naye alilipokea jina hilo kama shahada.

"Siyo redio!" alikuwa akisema. "Redio ikishasema imesema, maneno yamekwenda na upepo. Hii inaitwa podikasti. Mimi nazungumza nyumbani kwangu, naweka mtandaoni. Wewe unapakua kwenye kompyuta yako, unatia kwenye kile kidude chako cha muziki, unatembea nayo mfukoni. Ni yako hiyo. Hata mimi mwenye kipindi siwezi kukunyang'anya."

"Na nani anasikiliza?" muuzaji aliuliza.

Bwana Nyaya akashusha sauti. "Mke wangu. Akipata nafasi."

Katika maelezo yote yale, Kinanda alisikia hilo la mwisho tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake, na tuitaje mapema msomaji asije akasema hakuonywa: alikuwa hodari wa kumsikiliza mtu, ila hakuwa na subira ya kusikiliza mtu anasema nini.

Sura yake ilibadilika kila alipobadili mtaa. Leo ana ndevu, kesho miwani, keshokutwa anachechemea. Sauti haikubadilika. Ilikuwa nene na tamu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kukopa, na ndiyo iliyomlisha tangu ujana. Aliwahi kumuuzia kinyozi mmoja kioo kinachowafanya wateja warudi. Aliwahi kumuuzia mwenye nyumba rangi ya ukutani inayowatia wapangaji haya ya kuchelewesha kodi. Walipokwenda polisi, kila mmoja alieleza sura tofauti, nao polisi hawajajifunza bado kubandika picha ya sauti ukutani.

Basi akamfuata Bwana Nyaya nje ya duka, akichechemea.

"Samahani, kaka. Sauti yako nimeisikia wapi?"

Bwana Nyaya alisimama ghafla hata betri moja ikamdondoka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Labda... kwenye podikasti?"

"Ndiyo hiyo!" Kinanda akapiga paji la uso wake. "Kaka, unajua una wasikilizaji kiasi gani? Hujui. Na huwezi kujua bila Kipimamasikio."

Kufikia kona ya mtaa, Kipimamasikio kilikuwa kimeshavumbuliwa na mabingwa wa ng'ambo, kimeshafanyiwa majaribio, na Kinanda alikuwa wakala wake pekee. Jioni hiyo alikitengeneza chumbani kwake kwa kisanduku cha sabuni na taa za mdoli ulioharibika, zile zinazojiwakia zenyewe bila kuulizwa. Taa moja maana yake mtaa unakusikiliza. Mbili, mji mzima. Tatu, kaka, nchi za watu.

Kesho yake alikipeleka nyumbani kwa Bwana Nyaya, saa ambayo mkewe, fundi cherehani, alikuwa amekwenda kumpimisha mteja gauni. Taa ya kwanza ikawaka. Bwana Nyaya akameza mate. Ya pili ikawaka, akakaa chini. Ilipowaka ya tatu alikwenda chumbani bila kuambiwa, akarudi na bahasha ya fedha alizoweka mkewe kwa ajili ya cherehani mpya, akamkabidhi. Ile ya zamani ilipiga kelele hadi ndani ya kipindi, na Bwana Nyaya alijiambia kwamba wasikilizaji wa nchi za watu wangeielewa tu.

Hapo mwizi mwenye akili angeaga. Kinanda alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mtaalamu," Bwana Nyaya akamwita, "na sauti yako hiyo! Nifanyie hisani. Mahojiano mafupi tu."

Kinanda akapiga hesabu zake. Kipindi kina msikilizaji mmoja, naye yuko kwa mteja na pini mdomoni. Kuna hatari gani? Tena, tuseme ukweli, kuombwa kulimpendeza. Miaka yote ile watu walimsikiliza ili wapate kitu. Hakuna aliyewahi kumsikiliza bure.

Studio ilikuwa kabati la nguo. Bwana Nyaya alieleza kwamba magauni yanameza mwangwi. Wakaingia wote wawili, magoti yakigusana, kipaza sauti kikining'inia kwenye henga katikati yao, mlango ukafungwa.

Kulikuwa na giza, joto, na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Bwana Nyaya alimuuliza maisha yalimfundisha nini, kisha akanyamaza kweli, akingoja jibu. Ulimi hauna mfupa. Kinanda akaanza.

"Rafiki yangu mmoja," alisema kwa sauti yake ile, "alimuuzia kinyozi kioo..."

Akasimulia habari za kioo. Akasimulia za rangi ya haya. Akaigiza kinyozi, akamwigiza mwenye nyumba akiwapigia wapangaji hodi mmoja mmoja kuwatazama kama wameshaona haya. Bwana Nyaya alicheka hadi magauni yakamwangukia kichwani. Walipotoka, Kinanda alikuwa amelowa jasho, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka. Alisahau hata kuchechemea.

Kilichofuata hakikuletwa na Kipimamasikio. Mkewe Bwana Nyaya alirudi, akakuta bahasha haipo, akamwuliza mumewe hadi akasema yote. Kisha akasikiliza mahojiano mwanzo hadi mwisho, mguu wake ukikanyaga cherehani ya zamani.

"Mume wangu," alisema, "huyu rafiki wa mgeni wako, mbona anapumua kwa pua ya mgeni mwenyewe?"

Akaichukua podikasti akampa mteja mmoja mwenye kompyuta. Mteja akacheka, akampa dada yake. Dada akapeleka ofisini. Ikamfikia hata yule kinyozi, akaiweka kwenye spika, akacheka na wateja wake mpaka ilipofika habari ya kioo. Hapo akazima mashine ya kunyolea, mteja akiwa amenyolewa nusu ya kichwa.

Kinanda aligundua kwa muuza viazi. Alifungua mdomo kuuliza bei, mwanamke akadondosha mizani. "Yarabi! Rafiki yangu mmoja!" Benki, mlinzi akamwomba aigize mwenye nyumba. Akajaribu kubana pua, akajaribu kunong'ona. Kunong'ona kulikuwa kutamu zaidi. Wiki nzima hakupata hata wa kumuuzia salamu, na kinyozi alikuwa akimtafuta na wembe.

Akarudi nyumbani kwa Bwana Nyaya na kitambaa mdomoni. Mlango ulifunguliwa na mama wa nyumba.

"Shemeji," Kinanda alinong'ona, "nakuombeni. Ifuteni."

"Ifutwe?" Mama akamtazama kwa huruma iliyopimwa kwa futi kamba. "Kitu kizuri namna ile? Nchi za watu wanakililia." Mezani nyuma yake taa tatu zilikuwa zinawaka. "Lakini wewe ni mgeni wetu. Rudisha fedha za cherehani, na uongeze za meza yake. Tutaifuta mbele ya macho yako."

Kinanda hakubishana, na hiyo peke yake ingetosha kuonyesha amefikia wapi. Akatoa bahasha, akaongeza ya kwake. Bwana Nyaya, uso umemwiva kwa aibu, akakaa kwenye kompyuta, akaonyesha kipindi kilipokuwa mtandaoni, akabonyeza. Kikatoweka.

"Imekwisha?" Kinanda aliuliza.

"Kwetu imekwisha," mama alijibu, na hakusema uongo hata nukta.

Alitoka akijihisi amezaliwa upya. Hewa ilikuwa nzuri. Akavua kitambaa, akanyoosha kola, na kwenye duka la viatu akamwona mwenye duka mnene, peke yake, hedifoni masikioni, akitabasamu na ukuta. Mtu anayetabasamu na ukuta ana njaa ya mazungumzo.

"Habari za kazi, mzee wangu," Kinanda alisema kwa sauti yake yote. "Ushawahi kusikia kuhusu soli isiyolika?"

Mwenye duka akavua hedifoni polepole. Ndani yake, ndogo lakini safi, sauti ya Kinanda ilikuwa inaendelea kusimulia habari za rangi ya haya.

"Hii si imefutwa?" Kinanda aliuliza.

"Ya kwangu?" Mzee akakifunika kidude chake kwa kiganja. "Ya kwangu nani atanifutia? Kaa hapo kwenye kigoda, mwanangu. Humu mwenye nyumba anapiga hodi ya tatu; ikiisha, nampigia simu kinyozi. Ni shemeji yangu."