Rangi ya Kucha kwenye Dinamo

Jumatatu, 3 Machi
Mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, mwenye moyo ambao daktari amesema hautamaliza mwaka, nimemficha mdogo wangu jambo moja: gari halichaji kwa sababu yangu. Nilichukua rangi ya kucha ya mjukuu wangu, ile isiyoonekana, nikaipaka ncha ya waya wa dinamo, ile inayochaji betri, nikaufunga tena. Umeme haupiti. Kazi safi!

Gari nilimpa mwenyewe, mbele ya ukoo mzima. Likichaji tu, analiendesha hadi kwa binti yake, mbali kabisa, akaishi huko.

Leo amefukuza kuku kwenye kiti cha nyuma, akaweka betri mpya. Injini ikanguruma. Taa nyekundu ya chaji haikuzimika. Akasema ni mkanda wa feni. Nikamwambia bila shaka, mkanda.

Jumanne, 4 Machi
Mkanda mpya. Taa ile ile! Ameitukana injini, kisha mama yake injini. Mke wangu akamwambia achunge mdomo, kuna mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa nimejifunika shuka hadi puani, nacheka mpaka kifua kinabana.

Mjukuu anaulizia rangi yake nyumba nzima. Jasho!

Alhamisi, 6 Machi
Hatari. Amepima kwa mita ya umeme: dinamo inatoa umeme, betri haiupati. Basi ni waya, akasema. Nikapiga kelele kwamba nimezidiwa. Akaja mbio, mikono imejaa grisi, akakaa kitandani kwangu hadi jioni. Waya ukasahaulika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Ameikwangua ncha kwa kisu, akanusa. Taa imezimika! Akasimama mlangoni kuniuliza, eti kaka, dinamo yako ilikuwa inakwenda harusini? Nikasingizia kutu. Akasema kutu yenye harufu ya saluni hajawahi kukutana nayo. Nikaapa sitaligusa gari tena. Anaondoka kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Injini inazunguka, haiwaki. Rota ya distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, ipo chini ya mto wangu. Nilijikokota kwa fimbo hadi bandani lilipo gari, nikaichomoa.

Anashusha mizigo, anabwata. Mke wangu amenitazama, akasema, mzee, si umwombe tu abaki? Nimwombe? Mimi, kaka mtu? Thubutu!

Gari sina haja nalo. Naogopa kufa yeye akiwa mbali.