Foleni ya Mawe Manane

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya ishirini na mbuzi mmoja. Nawasimulia mwenyewe kabla Zainabu hajaniwahi, maana yeye akisimulia anatia chumvi. (Ingawa safari hii hata chumvi haihitajiki.)

Wengi mnajua kwamba mimi na wenzangu wawili tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Baraka yuko Musoma, Kitaji, anafundisha hesabu mchana na kuandika programu akitoka shule. Zainabu yuko Bunda, anachora. Mimi natunga hadithi na kutafuta sauti. Hakuna anayelipwa. Tunajitolea tu, huu mwaka wa pili, na leo saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka kipande cha kwanza kwa watu wa maonyesho huko Mwanza. Zainabu alishatangaza: "Tukikosa na hii, mimi narudi kwenye cherehani ya baba. Nimechoka kuchora vitu ambavyo hakuna anayeviona." Na bila Zainabu hatuna mchezo, tuna maneno yangu tu.

Mchezo wenyewe ni wa kutisha. (Kumbukeni kwamba mtunzi ni mimi.) Ni hadithi ya miaka ile ya uhaba, sukari na sabuni zilipokuwa zinapatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika. Bibi yangu ndiye aliyenieleza kwamba watu hawakusimama siku nzima. Ukifika unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda zako shambani, jiwe linakushikia nafasi. Basi katika hadithi yangu kuna binti anayeona jiwe la baba yake likisogea mbele kila siku, wakati baba alishazikwa. Jiwe limefungwa uzi mwekundu. Nilipoandika hapo nilijipongeza sana.

Tulikuwa tumebakiza picha ya mawe na sauti za ndani ya duka. Pale Manyamanyama, hapo Bunda, lipo duka la ushirika la zamani, lilikufa maduka ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa, na ufunguo anao baba yake Zainabu. Tukaenda saa sita. Nikaokota mawe, nikayapanga mbele ya mlango. Manane. Zainabu akapiga picha, akasema simu yake inazima, anakwenda kuichaji kwa baba.

"Usichelewe humo ndani," akaniambia. "Halafu usiogope."

"Niogope nini? Mimi ndiye niliyetunga!"

Nikaingia, nikavuta mlango nyuma yangu. Giza, na joto la bati. Rafu tupu mpaka juu. Mizani bado inaning'inia, na ukutani kuna maandishi ya chaki ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta: SUKARI HAKUNA. Nikawasha simu inase sauti, nikarekodi mlango, nikarekodi mizani, nikarekodi sakafu. Mwisho nikasimama katikati nirekodi ukimya wenyewe, maana kila chumba kina ukimya wake, na katika mchezo wa kutisha huo ndio unaofanya kazi kubwa. Unasimama hutikisiki, hata mate humezi.

Ndipo nikasikia nje: *ko*.

Jiwe limewekwa juu ya jiwe, au karibu yake. Kisha kimya. Kisha tena, *ko*, na tena *ko*. Sikusikia mtu akiongea wala akikohoa.

Nikanyata mpaka mlangoni, nikachungulia kwenye tundu la kitasa. Nikahesabu mawe. Kumi na moja.

(Nimekosea kuhesabu, nikajiambia. Kwani hesabu ni kazi ya Baraka.)

Nikarudi katikati. *Ko. Ko. Ko.* Nikachungulia. Kumi na manne! Mbele ya duka hakuna mtu hata mmoja, jua tupu na vumbi. Nikatazama tena vizuri. Jiwe la mwisho lilikuwa jeupe, dogo, na limefungwa uzi mwekundu.

Ndugu zangu, ule uzi ulikuwa kwenye hadithi yangu, na hadithi hiyo walikuwa wameisoma watu watatu duniani. Nikaanza kumwomba Mungu msamaha kwa kutania marehemu, nikaahidi kuandika mchezo mwingine, wa kuku na vifaranga. Niko katikati ya ahadi, sauti ya kizee ikasema nyuma ya mlango, karibu kabisa na sikio langu:

"Hodi. Mmerudi?"

Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo, "Mama yangu weeee!", nikausukuma mlango, nikaruka mawe ya mwanzo, nikajikwaa kwenye yaliyofuata, nikalala kifudifudi nikiwa nimefumba macho na kupiga mateke hewani. Mbuzi wa mtu akakata kamba akakimbia.

Nilipofumbua macho nikaona miguu mingi sana. Pembeni mwa duka, upande wa kivuli ambao tundu la kitasa halioni, walikuwa wamekaa watu na magunia na ndoo zao, wengi wao hata jiwe walikuwa bado hawajaweka. Bibi mmoja mfupi, kijiti mkononi, alikuwa ameniinamia.

"Mura, una nini? Kuna nyoka humo?" (Mura, kwa watu wa Mara, ni kijana wa kiume.)

"Hapana, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa wanagawa nini? Mahindi ama mbolea?"

"Hakuna kinachogawiwa, bibi."

"Na hii foleni ulipanga ya nini?"

Bibi akawaonyesha wenzake mawe yangu kwa kijiti. "Nimepita nikaona mawe kwenye hili duka, nikajua wamerudi. Sisi tulikuwaga hatuulizi. Ukiona jiwe unaweka jiwe, utauliza ukishakaa."

"Na huo uzi?"

"Uzi yangu. Nilikuwaga nafunga nyekundu, wasinibadilishie."

Nikawaeleza kwamba ni mchezo. Neno hilo lilianguka vibaya. Mzee mmoja akasema polepole, "Yaani tumeacha kazi kwa mchezo?" Kuna mama alikunja gunia lake tupu, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Nikaomba radhi kwa mmoja mmoja, suruali imepasuka gotini. Wengine wakacheka, wengine wakaondoka wakinung'unika.

Bibi alibaki akitafuta jiwe lake. Akaniuliza mchezo unahusu nini. Nikamwambia habari za jiwe la marehemu linalosogea. Hakushangaa hata kidogo.

"La mume wangu tulilisogeza wiki nzima baada ya kumzika," akasema. "Sukari ya matanga ilikuwa bado haijafika."

Akalitia jiwe mfukoni akaenda. Nikasikia baridi mgongoni kwenye lile jua la Bunda, na safari hii sikupiga kelele.

Zainabu alinikuta pale saa nane na nusu, ameshasimuliwa njiani. Simu yangu ilikuwa bado inanasa, kila kitu kimo. Tukamtumia Baraka sauti na picha, nikamsihi akate sehemu ya yowe. Baraka akasema hakuna muda, halafu akasema hata kungekuwa na muda asingekata. Akaliweka pale mama yake yule binti, mjane, anapoliona jiwe la mumewe. Kipande kimetumwa saa kumi kasoro dakika tatu.

Mwanza wamejibu jioni hii. Wamekipokea, tunakwenda kwenye maonyesho. Cherehani haitajwi tena, Zainabu anarudia kile kipande tu apate kunisikia. Ila wanauliza yule mama aliyeigiza kilio ni nani, kwa sababu anatisha kweli, na Zainabu kashawatumia jina langu kamili.

Basi mkifika kwenye maonyesho, mkamsikia mjane anapiga yowe, uheshimuni msiba wa watu.