Tangi la Furu na Nusu ya Sakafu

Jogoo wawili, mkungu wa ndizi na heshima yangu mbele ya baba mkwe. Ndiyo gharama ya leo. (Nimehesabu mara mbili. Jogoo ni wawili kweli. Heshima ndiyo siioni.)

Ndugu zangu wa Miembeni, mnalijua lile tangi kubwa la kioo la mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Alitaka mbuzi. Nikampa jogoo wawili, nikaondoka nalo! Hapa kwetu Hamugembe nzima hakuna mwingine anayefuga furu, samaki wadogo wa ziwani, sebuleni.

Na leo baba mkwe alikuwa anakuja kutoka Rubya. Tangu anipe binti yake, mzee huyu hajawahi kusifu kitu changu. Hata nyumba. Nikasema, leo atasifu.

Nikaweka tangi mezani, nikatia furu wangu, nikajaza maji. Upande wa dirisha yakagusa ukingo. Upande wa mlango yakabaki vidole vinne chini.

"Baba Koku," mke wangu akasema, "tangi limeinama."

"Halijainama. Wewe umesimama vibaya."

Jirani yangu fundi akaja na pima maji na kabari za mbao, akataka mikungu miwili. Nikampa mmoja, kwa pima maji peke yake. (Ninunue kabari, mimi mwenye shamba la migomba?) Nikakata vipande vya mgomba mbichi, nikavisokomeza chini ya miguu ya meza upande wa dirisha. Kiputo cha pima maji kikatulia katikati. Katikati kabisa! Nikatandaza nyasi mpya sakafuni, zikaficha kila kitu.

Mzee akafika na kanzu nyeupe. Akaketi dirishani, akapokea kahawa ya kutafuna. Akawatazama samaki weee. Akafungua mdomo. Ndugu zangu, alikuwa anafungua mdomo kusifu!

Chini ya meza mgomba ukalia: pyuuu. (Mgomba mbichi ni maji matupu. Mhaya mzima, nimesahau.) Meza ikainama, maji yakamiminika mapajani mwa mzee. Tangi nikalidaka kwa kifua. Halina hata ufa. Lakini furu mmoja alibaki kwenye kanzu, anapiga mkia.

Maji yakazoa nyasi zote, yakazirundika dirishani. Sakafu ikabaki uchi. Katikati ina mstari: huku imenyooka, kule imebonyea kama sahani.

Mzee akaigonga kwa fimbo. "Hii mliimwaga lini?"

"Kwa msaragambo, Tata. Majirani wote, siku moja. Ujamaa kwa vitendo."

"Huku?"

"Asubuhi, Tata."

"Na kule?"

Nikaanza kulipangusa tangi. Mke wangu ndiye akajibu. "Baada ya rubisi, Tata. Badala ya kungoja kazi iishe, aliwapa pombe saa sita, ili asiwapikie chakula."

Mzee akacheka mpaka furu akaanguka. Kisha akarudi mlangoni, akaikanyaga tena ile nusu ya kwanza.

"Lakini mkwe, hii ya asubuhi ni sakafu nzuri."

Mmesikia? Amesifu! Nusu, lakini amesifu!

Sasa naomba ushauri, na asiyejua acheke kimyakimya: nikiitisha msaragambo wa kurekebisha nusu ya pili, rubisi niitoe saa ngapi?