Madaftari Kumi na Sita, Mkono Mmoja

Jumatatu, 12 Mei
Watoto wengine wawili wamehamia kwa Mwalimu Rukaiya, ng'ambo ya barabara. Nimebaki na kumi na sita, akiwemo Clara wangu mwenyewe. Chanika nzima itaishia kwa yule mama! Na anafundisha nini? Watoto wanashinda mchangani wakicheza mdako, kurusha kijiwe juu na kuzoa vingine shimoni. Kwangu wanakaa, mikono mezani, midomo imefungwa. Nimeita wazazi Jumamosi. Wataona chekechea ni nini.

Jumanne, 13 Mei
Nimekusanya mpira, kamba na vizibo vyote vya soda. Kabatini, kufuli. Muda wa kucheza sasa ni muda wa kunakili. Mke wangu Herieth kauliza mtoto wa miaka minne atanakilije asichokielewa. Nimemwambia aniachie taaluma yangu. Kauliza taaluma ipi, maana nilisomea utunzaji wa stoo.

Jumatano, 14 Mei
Maafa! Madaftari hayatazamiki. Kila namba tatu imelala chali. Clara kachora kuku. Nitawaonyeshaje wazazi kuku? Nimeyabeba yote nyumbani, nikafuta, nikaandika mwenyewe moja hadi hamsini, mara kumi na sita, kwa mkono wa kushoto ili ufanane na wa mtoto. Akili hiyo! Clara alisimama pembeni ya meza, akauliza kwa nini nimemfutia kuku wake. Nikamwambia aende nje akacheze. Akauliza acheze na nini.

Ijumaa, 16 Mei
Nimekwenda kuchungulia uzio wa Rukaiya. Nikamwona Salumu, aliyehama wiki iliyopita. Kwangu hakuwahi kuhesabu zaidi ya nne, na nilimwita mzito mbele ya wenzake. Leo kazoa vijiwe saba, karudisha vitatu shimoni, kapiga kelele kwamba kabaki na vinne. Nimeona haya hadi masikio yakawaka moto. Rukaiya akaniona. Nikasema natafuta kuku wangu aliyepotea. Mama wa watu akanionea huruma, akawaita watoto wote wanisaidie. Wamezunguka mtaa mzima, wakihesabu kila kuku waliyemwona, wakiniuliza kama ndiye. Salumu ndiye aliyetafuta kwa bidii kuliko wote.

Jumamosi, 17 Mei
Sijui nianzie wapi. Mzee Fakihi, fundi vinyago na mwenyekiti wa wazazi, kafungua daftari la kwanza, la pili, la tano. Kasema amechonga miaka thelathini, kazi ya mkono mmoja anaijua, na hii yote ni ya mkono mmoja. Nikasema ni matunda ya nidhamu. Ndipo Clara akasimama, akawaamkia wakubwa wote shikamoo kama nilivyomfundisha, akaeleza kwamba baba ndiye aliyeandika, tena kwa kushoto, na kuku wake kamfuta.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Fakihi akampa Clara chaki kwa upole, akamwomba aandike tatu tu. Mtoto akanitazama mimi kwanza. Akaiweka chaki chini, akalia. Wazazi kumi wamechukua watoto wao palepale, lakini si hilo linaloniuma. Mwanangu ananiogopa.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani sikwenda, ningewatazama watu kwa macho gani? Herieth kaniarifu kwamba kesho Clara anaanza kwa Rukaiya. Hakuniomba ruhusa. Jioni Clara alinivuta mkono twende tukacheze mdako. Nimekaa mchangani na suruali ya Jumapili. Kanifunga mara nne, na alizihesabu mwenyewe, bila kukosea. Alicheka hadi akaanguka. Sikumbuki lini mara ya mwisho alicheka mbele yangu.

Jumatatu, 19 Mei
Nimeelewa! Kumbe kilichokosekana shuleni kwangu ni mdako. Asubuhi hii nimeandika ubaoni kanuni zake ishirini na mbili. Watoto watano waliobaki wanazinakili, mikono mezani. Vijiwe nimevifungia kabatini visichafuke. Mtihani ni Ijumaa, na atakayecheka ataanza upya. Kiti cha Clara kiko wazi, ila siku akirudi hatakuta amepitwa na kitu. Daftari lake namwandikia mimi, kwa mkono wa kushoto.