Kitabu Nilichompa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kocha wa kiwanda chetu cha magodoro katangaza: timu ya mbio ndefu imebakiza nafasi moja. Jumamosi tutaigombea mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, anayeshona chumba cha pili kiwandani. Atakayeshindwa atakaa kwenye meza ya kugawia wakimbiaji maji. Umri wangu haurudi nyuma. Nikiikosa safari hii, ndiyo basi tena. Nimeshinda sina raha.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua kukimbia kisayansi. Nimeazima maktabani kitabu kinene cha daktari wa wanamichezo. Moyo, mapafu, misuli, majedwali kibao. Nikafungua sura ya wiki ya mwisho kabla ya mashindano. Eti punguza mazoezi. Lala vya kutosha. Kula wanga. Usijaribu jambo jipya. Huyu ni daktari au adui? Kula na kulala hata mama mkwe anaweza.
Kwenye simu nimempata Bwana Mapafu. Koti jeupe, wafuasi tele. Yeye anasema wiki ya mwisho ndiyo ya kuukamua mwili: vilima kila siku, wanga marufuku, maji kidogo, ili moyo ushtuke. Hapo sasa.

Jumatano, 5 Machi
Wazo limenijia nikioga. Nimempelekea shemeji kile kitabu, nimemwambia sisi ni ndugu, aifuate ile sura neno kwa neno. Machozi yakamlengalenga. Akasema hakujua kama namjali hivyo. Roho iliniuma kidogo, kisha nikaikumbuka ile meza ya maji.
Jioni nikapanda kilima hadi magoti yakagoma.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango unakwenda vizuri. Mke wangu kapita kwa mdogo wake, kamkuta anakoroma mchana kweupe, sufuria ya viazi kando. Maskini.
Mimi ngazi za kiwandani nazipanda kwa kujivuta na mikono. Mke kaniuliza mbona uso umenywea. Nikamwambia ni sayansi. Akasema anaogopa kuwa mjane kwa ajili ya fulana ya timu. Nikasukutua koo lililokauka, maji nikayatema.

Jumamosi, 8 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Shemeji kachomoka kama aliyetumwa dukani na mvua inakuja. Mimi misuli ilinikaza kabla ya nusu ya njia. Nimemaliza nikiwa nimeshikilia bega la mama mkwe, ambaye alikuja kumshangilia mwanawe. Shemeji akawaambia watu wote kwamba ushindi ni wangu, mimi ndiye niliyempa elimu. Wakanipigia makofi. Kocha akanisifu kwa roho nzuri, akanikabidhi ndoo ya maji. Nililia pale pale. Wakadhani ni furaha.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji karudisha kitabu, kakivalisha gazeti kisichafuke. Kaleta na habari: kocha anataka mtu wa akiba, majaribio Jumamosi ijayo. Akanisihi nikisome. Nimekataa. Hakuna anayeshinda kwa usingizi. Kuna kitu ananificha. Bwana Mapafu mwenyewe kasema leo, wanaoshindwa ni wale ambao hawakujikamua vya kutosha. Ukweli mtupu.
Mke akaniwekea sahani ya viazi, akakaa kunitazama kwa huruma. Tumbo liliunguruma hadi shemeji akasikia. Nikamsukumia yeye sahani. Acha ale, ajimalize mwenyewe.