Msitu wa Chairman

"Mia mbili! Ephantus, ulisimama mbele ya Bunge la Kaunti ukasema miti mia mbili! Nionyeshe hata moja!"

Huyo ni Mama Stacy. Anauza miche kando ya Ngong Road, hapa tu ukitoka Woodley, na hiyo asubuhi alikuwa ameshika mpira wa maji vile mtu hushika nyoka akitafuta wa kumrushia.

"Mama, punguza sauti," Ephantus akasema, akiangalia nyuma yake. "Mimi ni mtu wa mazingira. Hata kelele ni uchafuzi."

"Uchafuzi ni wewe!"

Mimi nilikuwa hapo na mkokoteni yangu, nimesimama kabisa. Kazi ilikuwa inaningoja, lakini kazi haiendi mahali. Vita kama hii inaenda.

Sasa wacha nikuambie Ephantus ni nani. Kama kuringa ingekuwa maji, Nairobi nzima tungeoga mara tatu kwa siku! Yeye ni chairman wa Woodley Kijani, kikundi ya mazingira yenye watu ishirini kwa karatasi na mtu mmoja kwa uwanja. Ako na suti ya bluu, hiyo anavaa hata akienda kununua maziwa. Ako na kadi imeandikwa "Balozi wa Mazingira". Nani alimpa ubalozi? Msee wa kuchapisha kadi pale River Road.

Mwaka jana wadi ilipatia kikundi yake miche mia mbili. Kukawa na hema, kukawa na soda, kukawa na hotuba ndefu kuliko mvua ya Aprili. Ephantus akapanda mche mmoja kwa uwanja wa mtaa. Akapigwa picha nao kutoka mbele, kutoka nyuma, akiwa amechutama, akiwa amesimama, mpaka ukifungua simu unaona ni kama jamaa amepanda shamba nzima. Kumbe ni huo huo mmoja, na kesho yake mbuzi ikaula.

Hiyo ingine mia moja tisini na tisa aliiweka nyuma ya nyumba yake ingojee mvua. Mvua ikakuja, ikaenda, ikarudi kuuliza shida ni gani. Miche ikakufa ikiwa bado kwa laini, kama watu wamepanga foleni ya kitambulisho.

Hapo ingeisha tu. Lakini juzi Bunge la Kaunti likaleta mswada mpya: watu wote wanauza miche kando ya barabara watoke. Kamati ya mazingira ikaita wananchi City Hall Jumatatu watoe maoni. Mama Stacy akafunga kazi nusu siku akaenda. Ni miaka kumi na moja ako hiyo side ya barabara. Watoto watatu wamesomea kwa hiyo mchanga. Akitolewa hapo, hana pengine, na hiyo si maneno yangu, ni yeye alikuwa ameiandika kwa karatasi ndio asisahau akishikwa na baridi ya uoga.

Ephantus naye alienda kufanya nini? Alienda kwa sababu kulikuwa na kipaza sauti! Huyo akiona kipaza sauti ni kama nzi ameona embe. Akaruka laini, akashika, akafunga kifungo ya koti.

"Waheshimiwa! Sisi Woodley tumepanda miti mia mbili, na yote imeshika! Mkidhani ni mdomo, njooni muone!"

Sasa, kila mtu Nairobi anajua "njooni muone" ni salamu tu. Unasema, watu wanapiga makofi, mnaenda nyumbani. Hakuna mtu hukuja. Lakini mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Peres, akatoa miwani, akaipanguza pole pole.

"Tunakuja Alhamisi," akasema. "Na wale hawajaongea leo, muda umeisha. Mtaongea huko huko Woodley."

Mama Stacy alikuwa mtu wa pili kwa laini.

Ndio maana sasa ilikuwa Jumatano asubuhi na Ephantus alikuwa mbele yake, anaomba miti.

"Arobaini tu," akasema. "Zile kubwa. Tunafukia na ndoo zake, tunafunika na majani. Wakienda, nakurudishia."

"Nikuazime miti, wewe? Wewe mtu ulishindwa kuweka cactus hai?"

"Mama Stacy, fikiria kidogo. Wakipata uwanja hauna kitu, watasema hata hii miche ya barabara haina maana. Wakipata msitu, mimi nasema: waheshimiwa, hii yote ni kazi ya Mama Stacy! Nakutaja wa kwanza. Unabaki na kibanda, na mimi nabaki na, na..."

"Na uwongo."

"Na heshima."

Mama Stacy akafunga maji. Akaniangalia, mimi nikaangalia tairi. Akamwangalia Ephantus vile mama huangalia maziwa yakikaribia kupanda.

"Utanitaja jina?"

"Nzula Muasya, Mama Stacy, kando ya Ngong Road! Nimeshika kwa kichwa."

"Kichwa yako naijua. Ndegwa! Leta mkokoteni."

Tulibeba kutoka hiyo saa mpaka saa kumi na mbili jioni. Mashimo nilichimba mimi. Ephantus alikuwa anasimamia, kwa sababu suti haiinami. Sasa shida ikawa hivi: ile miti ya kawaida Mama Stacy alikuwa ameuza karibu yote mvua ikianza. Kilichobaki ilikuwa mchanganyiko wa harusi na matanga. Bougainvillea, ndimu, avokado sita, na ile miti ya kupamba geti ya matajiri, imekatwa mviringo kama mpira.

"Chairman," nikamwambia, "msitu haukatwi nywele."

"Ndegwa, wewe ulitoka shule Form Two. Wachia wataalamu."

Alhamisi saa nne wakafika, gari mbili. Mheshimiwa Peres akashuka na raba za kutembea, kuonyesha amekuja kazi. Nyuma yake karani mmoja mwembamba na daftari. Mama Stacy alikuwa amevaa nguo ya kanisa, amesimama na mimi kando ya mkokoteni, ile karatasi yake imekunjwa kwa mkono. Midomo ilikuwa inaenda, anarudia rudia.

Ephantus alikuwa amepata joto ya kuringa. Akavua koti, akalitundika kwa mti mmoja wa mviringo kama mtu ako sebuleni kwake, akafungua mikono.

"Karibuni msitu!"

Mheshimiwa akatembea. Akasimama kwa avokado. Ilikuwa na matunda mawili.

"Hii mlipanda lini?"

"Mwaka jana, mheshimiwa."

"Na imezaa?"

"Mchanga ya Woodley si ya mchezo!"

Akaenda kwa mti wa mviringo. Akauzunguka mara mbili.

"Na hii imemea hivi, yenyewe?"

"Mheshimiwa," Ephantus akasema, bila hata kupepesa, "hiyo ni nidhamu."

Karani akaandika nidhamu. Nilimwona!

"Mimi naona arobaini," Mheshimiwa akasema. "Ulituambia mia mbili. Hizo zingine?"

"Ziko phase two."

"Phase two iko wapi?"

"Inakuja baada ya phase one."

Hapo nikafikiri jamaa ameponea. Kusema ukweli, nilikuwa naanza kumheshimu. Halafu Mheshimiwa akauliza ile swali. Akauliza pole, hata hakuwa na ubaya.

"Chairman, nisaidie. Tuko na huu mswada wa kutoa wauzaji wa miche kwa barabara. Wao wanasema nyinyi watu wa mitaa mnawategemea. Hii miti mlitoa kwao?"

Mama Stacy akakunjua karatasi. Akapiga hatua moja mbele. Nikamwona Ephantus akimwona. Nikaona jina la mama likipanda, likifika kwa koo, tayari kutoka. Lakini wakati huo huo karani akainua simu kupiga picha, na Ephantus akiona kamera kichwa hufungwa na kiburi hufunguka.

"Kwao?" akacheka. "Mheshimiwa, sisi tulianza na mbegu! Kwa hii mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa naamka saa kumi na moja naziimbia!"

"Kwa hivyo mnaweza bila hao wa barabara?"

"Hao? Hata hatuwajui!"

Karani akaandika hiyo pia.

Mama Stacy hakupiga kelele. Alikunja karatasi yake vizuri, akaiweka kwa kifua. Akafunga leso juu ya nguo ya kanisa. Akaenda mpaka kwa mti ule wa kwanza, akaushika shingo, akavuta.

Mti ukatoka. Na ndoo yake ya rangi ya lita ishirini.

"Hii ni yangu," akasema.

Akavuta avokado. "Hii pia. Hii nimeipea maji miaka minne." Akavuta bougainvillea. "Hii ilikuwa mgonjwa, nikailaza karibu na jiko wiki mbili. Ndegwa! Unangoja nini?"

Nikaleta mkokoteni mbio.

"Mama! Mama, unaharibu msitu!" Ephantus akalia.

"Chairman, tulia," Mheshimiwa Peres akasema. Alikuwa amevaa miwani tena. "Karani, hesabu. Miaka saba nimekuwa bungeni, sijawahi kuona msitu ukienda nyumbani."

Ikatoka moja moja, zote arobaini. Karani anahesabu kwa sauti, Mama Stacy anavuta, mimi napanga. Watoto wa mtaa wakaanza kuhesabu na yeye, kama mwisho wa mwaka. Tisa! Kumi! Ephantus anajaribu kucheka, lakini kicheko inakataa kushika, kama miche yake tu.

Ilipoisha, kulibaki uwanja na mashimo. Mheshimiwa akamwita Mama Stacy.

"Wewe ndiye ulikuwa uongee Jumatatu, muda ukaisha?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Nilikuwa nimeandika." Akatoa karatasi. "Lakini naona sijui kama kuna haja ya kusoma."

"Hakuna haja. Nimesikia." Akageukia karani. "Andika hivi. Kamati ilitembelea Woodley. Miti hai iliyopatikana ni arobaini, na yote ni ya mama mmoja wa kando ya barabara. Hiyo sehemu ya mswada ya kuwatoa, weka alama nyekundu. Ikifika kwa bunge nitasimama nayo mimi mwenyewe."

"Na kikundi ya chairman tuandike nini, mheshimiwa?"

Mheshimiwa akaangalia uwanja wote, mwisho mpaka mwisho.

"Mashimo arobaini. Mazuri. Imebaki mia moja sitini, na mwezi ujao nakuja kuona. Chairman ameshasema mikono anayo."

Gari zikaenda. Mama Stacy akakaa juu ya ndoo moja, akajipepea na karatasi, akaanza kucheka peke yake, ile ya mtu ametua mzigo ya miaka kumi na moja. Mimi nikafunga kamba ya mzigo wa kwanza, nikaanza kusukuma.

"Ndegwa! We Ndegwa, ngoja!"

Ni Ephantus, anakuja mbio na shati tu. Kwapa zimelowa, kadi za ubalozi zinamwagika kutoka mfukoni. Anaonyesha juu ya mkokoteni. Hapo katikati ya majani, kwa ule mti wa mviringo, koti ya bluu ilikuwa imekaa imetulia kama abiria amelipa nauli.

"Koti yangu iko hapo!"

Mama Stacy akainuka. Akaangalia mkokoteni, akamwangalia Ephantus.

"Koti?" akasema. "Koti iko phase two."

Ephantus akaangalia mashimo. Akaangalia saa kwa mkono, na saa hakuwa amevaa.

"Sawa basi," akasema. "Wacha niende, niko na watu wananingoja Westlands. Mambo ya mazingira."

Akaenda haraka haraka akielekea Kibra, Westlands akiipa mgongo, akiruka shimo moja baada ya lingine.