Mlezi wa Maktaba ya Mtaa

Jumamosi, 4 Julai
Maktaba ya mtaa wetu, iliyofungwa tangu paa lianze kuvuja, inafufuliwa. Watu wanajitolea. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, seremala, tayari amekabidhiwa rafu zote. Mama mkwe amenipa habari hiyo mara mbili kabla ya chai. Akauliza mimi nafanya nini siku hizi. Nikasema natafakari. Akasema anaona.

Sasa nimetafakari. Kila shughuli ya maana huwa na mlezi. Mlezi habebi mbao. Mlezi hukaa kiti cha mbele siku ya ufunguzi, hutajwa kwenye hotuba, hupiga makofi taratibu. Mama mkwe atakuwa nyuma yangu. Ataangalia kisogo changu mpaka akiheshimu.

Jumapili, 5 Julai
Kikao mle mle maktabani. Harufu ya ukungu na njiwa. Nikaiona meza ya dirishani, nilipojifunzia kusoma. Mchwa wamekula miguu miwili. Nilihuzunika kweli, wala sikutegemea.

Anayeongoza ni Bi Mkutubi, mstaafu aliyetunyamazisha utoto wetu wote. Akasema bila mlezi kazi haitaisha kabla ya mvua, na kila aliyeombwa amekwepa. Wamekwepa! Cheo kama kile! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Makofi. Shemeji akanikumbatia. Mama mmoja alifuta machozi. Nikasema naipokea heshima hii kwa unyenyekevu.

Jumanne, 7 Julai
Nilifika na suti. Nikakabidhiwa watoto. Wote. Wazazi wanapaka rangi na kukoroga zege, na mlezi, nilielezwa polepole kama mgonjwa, ni wa kulea watoto ili wazazi wafanye kazi.

Nikamwambia Bi Mkutubi kuna mlezi na mlezi. Akaweka kidole mdomoni, kama zamani. Nikanyamaza, kama zamani.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama kutwa nzima, na kila mvungu ulikuwa na mtoto aliyegoma kutoka. Koti lina viganja vya kijani mgongoni. Mke wangu amevihesabu huku akicheka.

Jumatano, 8 Julai
Kujiuzulu haiwezekani, mama mkwe ameshautangazia mtaa. Nimepata mbinu. Nitawasomea kitu kirefu mpaka walale, kisha nikakae na watu wazima. Nikachagua kitabu kinene kuliko vyote vilivyonusurika: historia ya reli.

Hawakulala. Walitaka kujua treni ilifika au haikufika. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Ikabidi nibuni. Nikaweka dereva mwoga, na fisi aliyekata tiketi kihalali kabisa ila hataki kusema anashukia wapi.

Ijumaa, 10 Julai
Watoto wameongezeka. Wengine wazazi wao hawajawahi kukanyaga hapa. Wamesikia habari za fisi.

Nikatunga sheria ya kuwapunguza: asiye na mzazi kazini, hakuna hadithi. Wakatimua mbio. Nikanyoosha miguu, nikavua viatu.

Wakarudi wakiwaburuta baba zao. Shemeji, aliyekuwa analia hana mikono ya kupandisha mabati, sasa anawapanga watu zamu. Bi Mkutubi akaniambia mimi ni mjanja, alikuwa hajui. Nikakubali kwamba ndivyo nilivyopanga.

Jumamosi, 18 Julai
Ufunguzi. Paa halivuji. Rafu za shemeji zimenyooka, inaniuma kuandika lakini zimenyooka. Hata meza ya dirishani ameitia miguu mipya.

Kiti cha mbele kilibandikwa karatasi: MLEZI. Nilikitazama kwa mbali tu. Watoto walikuwa wameshanikalisha sakafuni, kona ya nyuma, na hawakuwa tayari kusikiliza hotuba za mtu yeyote asiye fisi. Sikutajwa. Au nilitajwa, sikusikia, nilikuwa napiga honi ya treni.

Kiti changu kikakaliwa na mama mkwe. Alisema miguu inamuuma. Katikati ya hotuba akainuka, akakivuta hadi konani kwetu, kikikwaruza sakafu yote, na Bi Mkutubi hakumnyamazisha. Akaketi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, baba, huyu fisi hatimaye alishuka wapi? Hajawahi kuniita baba. Nilifurahi mpaka nikasahau fisi anakwenda wapi.

Jumatatu, 20 Julai
Kundi lile lile sasa linafufua sinema ya zamani, ile iliyobaki kuta na pazia. Tangazo limebandikwa: ANATAFUTWA MWENYE VITI. Wamekosea tahajia, wametenganisha neno na kulitia wingi. Nimewasamehe. Nimejiandikisha wa kwanza.

Bi Mkutubi aliuliza, ni vya mbao au vya plastiki? Nikamjibu mwenyekiti wa kweli habagui viti. Akasema nimemfurahisha sana.

Mke wangu ananiita. Anasema kaka yake yuko sebuleni anahesabu viti vyetu. Bila shaka anataka kujua kama wageni wa kunipongeza watapata pa kukaa.